Ana mabawa, lakini bonde halivuki

Umeuliza kwa nini mbawakawa Cicindela longilabris, huko Arizona, abaki kwenye viwanja vya nyasi vya juu milimani ilhali ana mabawa. Kuruka anaruka, ila ukimshtua huenda hatua chache tu na kutua. Chini ya mlima kuna joto na ukavu asioupenda. Makao makuu ya spishi hii ni misitu ya baridi ya Kanada. Zama za barafu zilipokwisha, waliokuwa kusini waliifuata baridi juu, wakabaki kama kwenye visiwa. Vikundi vikitengana muda mrefu, rangi nazo huachana. Ndiyo maana wataalamu hutaja nususpishi, yaani makundi ndani ya spishi moja, kama laurentii wa Milima ya Rocky na perviridis wa California, ambaye mara nyingi ni wa kijani.

Mimi hasa nahofia usalama wa buu wake. Huishi kwenye shimo la wima, kichwa kikiziba mlango, akivizia sisimizi; kulabu za mgongoni humshikilia asivutwe nje. Hukaa humo miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo ukipita huko na gari, tafadhali usiliingize kwenye nyasi.