Mwanangu, ulisema alikuwa na furaha

Mwanangu mpenzi,

Kitabu ulichoniletea Krismasi nimekimaliza. Huku Tukuyu mvua haijakatika hii wiki ya pili, shambani hakuendeki, basi nikapata nafasi ya kusoma. Uliniuliza kwenye simu nikashindwa kukujibu: yule msichana wa riwaya, aliyelelewa ndani ya dhehebu lililojitenga, akatoroka, akaishi na majonzi miaka yote, si bora angebaki kulekule bila kujua? Ukasema, "Mama, alikuwa na furaha."

Alikuwa nayo kweli. Silibishi, maana hata mimi nilikuwa nayo.

Hili sijawahi kukusimulia sawasawa. Nilipokuwa mdogo, bibi yako alikuwa kwenye kundi la maombi lililokataza shule, redio na dawa za hospitali. Kila jioni tuliimba mpaka watoto tukasinzia. Sikuogopa kitu. Niliambiwa sisi ndio tutakaopona siku ya mwisho, nikaamini kama ninavyoamini kwamba Mlima Rungwe upo pale nyuma ya ukungu. Mwaka 1976 mdogo wangu, mjomba wako ambaye hukumjua, akashikwa na surua. Tulimwombea siku sita. Alipofariki tukaambiwa Mungu amemchagua, nami nikamwonea wivu. Nilimwonea wivu, mwanangu. Nilikuwa na miaka saba.

Novemba 1977 serikali ikataka kila mtoto asome. Balozi wa nyumba kumi akaja na daftari lake, bibi yako akalia sana, lakini Januari nikaandikishwa darasa la kwanza, mkubwa kuliko wenzangu. Siku moja muuguzi wa zahanati akaja shuleni kutueleza habari za chanjo. Akasema surua ina chanjo yake, na kwamba mpango wa taifa wa kuchanja watoto ulianza 1975. Nikahesabu kwa vidole. Jioni ile sikula.

Kwa hiyo ukinitajia furaha ya kutojua, mimi namwona mjomba wako. Furaha yangu ilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni yeye. Ndiyo maana riwaya ile iliniudhi mahali: inakaa sana na alichopoteza msichana, lakini wale wadogo waliobaki nyuma inawapita haraka. Mwaka 2023, zilipokuja habari za msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, ambako wafuasi wa dhehebu moja waliambiwa wafunge mpaka kufa, ikafukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo, nilizima televisheni nikatoka nje. Ulikuwa nyumbani, ukadhani naumwa.

Lakini sikufichi, kuna mtu nilimwacha asijue. Bibi yako sikumwambia kamwe habari ya chanjo ile. Hata baada ya kundi kusambaratika, kila akienda kupalilia kaburi alisema mwanawe alichaguliwa, nami nilinyamaza nikishika jembe. Niliona kujua kutamvunja na mtoto hatarudi. Sijui kama nilimtendea haki.

Ulipotimiza miezi tisa, siku ya chanjo yako ya surua, aliamka kabla yangu. Alikufunga mgongoni kwa kanga yake, akateremka nawe hadi kliniki kwenye matope, akakaa kwenye foleni asubuhi nzima. Nilipotaka kukupokea alikataa. Njiani hakusema neno, nami sikumwuliza.

Mama yako