Seli hujila au hujikula?

SWALI: Natafsiri karatasi ya elimu ya afya ya kinywa kwa wazee wa hapa Lamu. Palipo na neno otofajia (seli kumeng'enya sehemu zake zilizochakaa) nimeandika "seli hujikula". Mwenzangu amelikata. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye ku-. Kitenzi -la ni cha silabi moja. Ku- yake hubaki katika "anakula", lakini kikiingia kiambishi cha mtendwa huondoka: anamla samaki, anaula mkate. Ji- nayo ni ya jamii hiyo. Basi andika seli hujila, na nomino yake ujilaji, kama ulaji. Usiteleze ukaandika "hujilia". Huyo ni mtu aliyejifungia na biriani yake.

Sarufi ikishanyooka, bado maana yaweza kupinda. Mzee akisoma "seli za fizi hujila" atadhani huo ndio ugonjwa. Sivyo. Ujilaji ni usafi wa kila siku: seli huzungushia utando protini zilizoharibika, kifuko hicho huungana na lisosomu, kifuko kingine cha seli chenye vimeng'enya vya kuvunjavunja taka, na kinachopatikana hujengea vitu vipya. (Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kugundua namna kazi hiyo inavyokwenda.) Umri ukisonga kazi hulegea, taka hurundikana, na fizi zilizovimba huchelewa kutulia. Lakini usiandike kwamba ujilaji "huponya" fizi: bakteria wa ugonjwa wa fizi, Porphyromonas gingivalis, huweza kujificha ndani ya vifuko hivyohivyo.

Epuka pia "kujitafuna" na "kujisaga". Kwingine yangepita, ila kwenye karatasi ya meno msomaji atawaza kusaga meno usingizini. Kumeng'enya kunatosha.

"Magonjwa ya uzee" silipendi, maana linamwambia mzee kwamba hayaepukiki. Bora "magonjwa yanayozidi kwa umri". Kinywa kibaki kinywa kwenye maandishi. Ukisoma kwa sauti mbele ya wazee, sema kanwa, kwa Kiamu chao.

Ukitaka mfano wa kueleza ujilaji, wa fundi wa jahazi haufai, kwa kuwa ubao uliooza huung'oa akautupa. Chukua wa sonara: "Kama sonara anavyoyeyusha kipuli kilichovunjika akafua kipya, seli humeng'enya sehemu zake zilizochakaa ikajengea mpya. Kazi hii huitwa ujilaji."

Otofajia itaje mara moja tu, kwa ajili ya wauguzi.