Maji Yaja Leo, Hayaondoki Leo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bagamoyo aliniandikia: jirani kajaza kifusi, kiwanja kimepanda, sasa mvua ikinyesha maji yote yanaishia jikoni kwake. Amfanyeje? Dada yangu, nilisoma ujumbe wako kwa aibu. Jirani wa namna hiyo niliwahi kuwa mimi.

Mwaka 2021 nilihamia Kange, hapa Tanga. Nikamwaga malori 14 ya kifusi, nikapiga ukuta, ua mzima nikatandika pevingi. Nikajiona mjanja. Masika ya kwanza kwangu pakavu kabisa. Asubuhi mjukuu wa bibi wa nyumba ya chini akabisha hodi, kashika ndala ya mwanangu. "Bibi kasema imekutwa sebuleni kwetu." Ilikuwa imeoshwa. Bibi hakuongeza neno. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla ya kifusi. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa langu ni mita za mraba 120. Ikinyesha milimita 50, hizo ni lita 6,000, na bado hujahesabu pevingi. Zote nilikuwa namshushia bibi wa watu.

Umoja wetu wa wakazi una nyumba 23. Nikaomba kikao, nikakiri mbele ya wote, nikapendekeza mtaro mmoja upite nyuma ya nyumba hadi kwenye kalavati la barabarani. Tulimpitia mwenyekiti wa mtaa kwanza, maana barabara ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, huwezi kujichomekea tu. Mchango shilingi 80,000. Wa chini wakalipa wiki ileile. Wa juu wakasema maji hayawahusu, na mmoja akanibatiza kwenye grupu: "Injinia wa Ndala." Nilicheka na wenzangu. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni.

Tena injinia sikuwa kweli. Fundi alijenga kwa kukadiria na macho, mtaro ukanyooka ukapendeza, maji yakasimama humo, mbu wakahamia. Tukabomoa mita 15. Safari hii tulinunua mpira unaong'aa, ule unaoona maji ndani yake, tukaujaza, mmoja akashika ncha huku, mwingine kule. Maji husimama usawa mmoja pande zote mbili. Ukipima kutoka hapo kwenda chini, unajua ardhi imeshuka kiasi gani. Tukatafuta sentimita 1 kwa kila mita 1, tukaipata.

Kwa hiyo dada, pima kwanza. Usimjibu kifusi kwa kifusi, utamhamishia mwenzio wa chini yako. Piga video mvua ikinyesha, mpelekee huyo jirani wa kifusi kabla ya kumpelekea mwenyekiti. Huenda hajui, kama nilivyokuwa sijui. Weka gata na tanki. Kabla ya Machi mzibue mtaro, sisi tunatoa pampasi na vifuu vya nazi. Na upime, nasema tena. Jamani, tunajua bei ya kila kigae cha sebuleni, lakini hatujui maji ya paa letu yanalala kwa nani! Hivyo ndivyo tulivyofundishwa ujirani?

Masika yaliyopita sebule ya bibi haikuingia maji. Yule aliyenibatiza hajalipa hata senti. Maji yake yanapita kwenye mtaro wetu kila mvua ikinyesha, nami huwa nasimama dirishani nayaangalia.