Jirani anaongeza ghorofa: pingamizi liandikwe hivi

Dada, nimekuelewa: jirani yako hapo Leicester, Uingereza, ameomba kibali cha kuongeza ghorofa nyuma, na jiko lako litakosa mwanga. Kwa kawaida mna siku 21 za kutoa maoni. Chukua namba ya ombi kwenye tangazo, fungua michoro kwenye tovuti ya halmashauri, uone ukuta utaishia wapi ukilinganisha na dirisha lako. Andika kuhusu mwanga, faragha, maegesho. Nyumba yako kushuka bei hakuhesabiwi. Barua yako hata jirani ataisoma, kwa hiyo matusi weka pembeni. Mwone na diwani wako mapema.

Kibali kikitoka, wewe huna rufaa; jirani akinyimwa anayo (ndiyo sheria yao). Kinachobaki ni mahakama, ndani ya wiki 6, na hapo usiende bila wakili: gharama zake si mchezo.