Mlinzi, habari za usiku?

Mhariri, Bwana asifiwe.

Swali lenu la wiki hii, "Mkristo afanye nini ili adumu tayari na imara, asiyumbe?", nimelisoma nikiwa lindoni, kwa mwanga wa taa ya getini, saa 8 usiku (nilikuwa nimeshazunguka, msije mkaniripoti). Kwa hiyo mtanivumilia nikilijibu kwa lugha ya lindo. Kazi yangu ni ulinzi wa usiku hapa Mwanza, mwaka wa 19 sasa. Kanisani kwetu, KKKT, kwa Walutheri, niliwahi kuwa mzee wa kanisa. Nasema niliwahi. Nitafika hapo.

Najua wengi watawaandikia kwamba dawa ni maombi, kufunga na mikesha ya Ijumaa. Sipingi, na mimi ni mtu wa mikesha. Shida yangu ni hilo neno kukesha tunavyolitumia. Mimi hukesha usiku 6 kwa wiki, tena nalipwa kwa hilo, na nawahakikishia kwamba kutolala ndiyo sehemu ndogo ya kazi.

Mlinzi mgeni utamjua siku ya kwanza. Anafika saa 12 jioni, sare imepigwa pasi, buti zinang'aa, kirungu mkononi. Mpaka saa 5 anazunguka ukuta kama askari wa gwaride. Amekuja na chupa ya kahawa nyeusi, na kabla ya saa 6 ameimaliza. Saa 9 unamkuta kwenye kiti cha plastiki, kidevu kifuani, tochi inawaka chini inamulika viatu vyake mwenyewe. Na mwizi anaijua saa hiyo. Mwizi mzoefu hahangaiki na saa 4 usiku; anakuja kati ya saa 9 na saa 11, baridi ya ziwa inapopanda na hata mbwa wamechoka kubweka.

Mlinzi mkongwe humwoni akifanya la ajabu. Yake ameyafanya mchana. Saa 4 asubuhi alikuwa amelala, pazia limeshushwa, watoto wamefukuzwa uani wakachezee kwa jirani. Saa 9 mchana kaamka, kala kidogo, kabadilisha betri za tochi. Kabla ya kupokea zamu kauzunguka ukuta kungali na mwanga, kaona wapi nyasi zimerefuka na tundu gani kwenye seng'enge halikuwapo jana. Giza likiingia, lindo lake lina saa kadhaa tayari.

Ndiyo maana ule mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25, naupenda, na namna unavyohubiriwa hunishangaza. Tunahubiriwa kana kwamba watano wapumbavu walilala na watano wenye busara wakakesha. Fungueni mstari wa 5: bwana arusi alipokawia, "wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote kumi. Wenye busara nao walikoroma. Kilichowatenganisha ni vyombo vya mafuta, na mafuta yale yalinunuliwa maduka yakiwa wazi. Ile "hayatatutosha" ya usiku wa manane watu huiona ni uchoyo. Mimi siioni hivyo. Kuna vitu havikopesheki usiku hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa yangu. Mwaka 2012 nilikuwa nalinda yadi ya malori huku Igoma. Jina la mwenye yadi siliandiki, hakunikosea kitu. Kila lindo lina daftari la matukio. Kila saa unazunguka, unarudi kibandani, unaandika saa, unaandika ulichokiona, unasaini. Kama hakuna jambo, unaandika maneno mawili: hali shwari.

Mvua ndiyo ilianza. Usiku mmoja ilinyesha sana, nikaona uvivu kutoka, nikaandika saa 8, hali shwari, bila kunyanyuka kitini. Hakuna kilichotokea. Wiki iliyofuata nikaandika saa 8 na saa 9 kwa mpigo. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naujaza usiku wote ikiwa bado saa 5: mistari 6, wino uleule, mwandiko uleule, hata saini zote zimelalia upande mmoja. Mtu mwenye macho angeshtuka. Lakini supavaiza alikuwa anapita asubuhi na pikipiki, haizimi, anasaini chini ya ukurasa bila kusoma, anaondoka.

Kanisani ilikuwa hivyohivyo. Ushirika wa Alhamisi nilikuwa nimeuacha, ule wa watu wachache wanaoketi sebuleni kwa mtu na kuulizana maswali. Kisingizio changu kilikuwa zamu. Mkesha wa Ijumaa sikuukosa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na kusema kweli, kwa kuwa mkeshani watu ni wengi, spika zinapiga, na hakuna anayekuuliza kitu. Mtu akinisalimu, "Mzee, unaendeleaje na Bwana?", jibu lilikuwa mdomoni: "Namshukuru Mungu, kwa neema yake tunasonga." Hali shwari. Saini.

Jumanne moja, saa 10 alfajiri, dereva mmoja akagonga kibanda. "Shikamoo, mzee wa kanisa." Alikuwa na madumu mawili ya dizeli, lita 20 kila moja, ameinyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi la lori la tajiri analoliendesha. "Niangalizie dakika mbili tu, mzee wangu." Akaweka noti ya elfu 10 juu ya daftari lililokuwa wazi. Nilikuwa na mtoto kidato cha pili, amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, lakini nisijifiche nyuma ya mtoto. Nilifungua geti. Tena nililivuta polepole, nikilinyanyua kidogo kwa mkono wa kushoto, lisipige kelele kwenye zege.

Kwa miaka nilihubiriwa jaribu linalonguruma kama simba. Langu lilikuja na shikamoo. Na nilipolitafakari baadaye niliona kwamba alfajiri ile sikuamua chochote. Yale ya kuamua yalikwisha kupita ndani ya miezi mitatu, nikiwa nimekaa kitini, kalamu mkononi.

Nilikaa nalo siku 9. Kisha Alhamisi nikarudi ushirikani.

Kwa wasioujua ushirika huu: sisi wa Kagera tumeurithi. Ni matunda ya ule uamsho wa Gahini, Rwanda, na wa Kampala, wa akina Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church. Wawili hao walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na miaka ya 1930 haijaisha moto ulikuwa umevuka mpaka na kuingia kwetu. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huohuo. Walokole, ndivyo watu wa uamsho walivyoitwa, walichekwa sana: watu gani hawa wanatubu mpaka sindano waliyookota njiani! Na ni kweli wengine walipitiliza. Nimekaa na mtu aliyeungama dhambi za jirani kwa ufasaha kuliko zake. Ila jambo moja walilishika barabara, waliliita kutembea nuruni. Yohana anaandika katika waraka wa kwanza, 1:7, kwamba tukienenda nuruni "twashirikiana sisi kwa sisi". Yaani huko gizani mnaweza kuimba kwaya moja miaka 10, sauti zimepatana, na msiwe mmeshirikiana chochote.

Basi nikaungama. Nilitumia maneno marefu ya kanisani: "nimeteleza katika habari ya uaminifu", na mengine ya namna hiyo. Bibi mmoja wa Kihaya, sasa ni marehemu, alinisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha kitenge chake, akauliza:

"Lita ngapi?"

"Arobaini, mama."

"Mwenye lori anajua?"

"Bado."

"Basi bado hujatubu, mwanangu. Nenda kwanza. Sisi tutakungoja hapa."

Nilikwenda asubuhi yake. Nikafukuzwa kazi siku hiyohiyo, na uzee wa kanisa nikauachia mwenyewe kabla sijaambiwa. Miezi 4 niliuza maji ya chupa stendi. Tajiri alinibana nimtaje dereva. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya langu. Mpaka leo sina hakika kama pale nilisimama nuruni au nilijificha nyuma ya Maandiko. Mke wangu anasema nilijificha.

Bibi yule ndiye aliyenisimulia habari za Janani Luwum, siku moja nilipolalamika kwamba kuulizana kila Alhamisi kunachosha. Luwum alikuwa mwalimu, Mwacholi, aliyeokoka katika uamsho huuhuu Januari 1948, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda. Usiku wa kuamkia Februari 5, 1977, askari wa Idi Amin walivamia nyumba yake, Namirembe, wakaipekua wakitafuta silaha. Hakutoroka. Yeye na maaskofu wenzake waliandika barua ya kupinga maovu ya utawala ule, na Februari 16 akakamatwa, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. "Watu wanauliza ujasiri ule aliupata wapi," bibi alisema. "Wewe hesabu tu, kutoka 48 mpaka 77." Nilihesabu. Miaka 29, yote ndani ya ndugu wenye desturi ya kuulizana. Ule usiku wa kuvamiwa ulimkuta na mafuta ya mchana mrefu.

Mnanitaka niseme mtu afanye nini. Ninayofanya mimi ni machache, na wala siyaiti kanuni. Saa 10 jioni, kabla ya kuvaa sare, nasoma Zaburi moja kwa sauti. Nikichoka narudi kwenye ya 130, ambayo nimeikariri. Nafsi yangu inamngoja Bwana "kuliko walinzi waingojavyo asubuhi", halafu anarudia tena, naam, walinzi waingojavyo asubuhi. Wahubiri husema kule kurudia ni ushairi tu. Mimi nadhani aliyeandika alikwisha kukaa lindoni. Kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri unaitafuta asubuhi upande wa mashariki, unazunguka ukuta mzima, unarudi, unaitafuta tena, haijaja.

Saa 1 asubuhi tukishakabidhi zamu, tunaketi watatu kwa mama ntilie: mimi, mwenzangu Mkatoliki, na kijana mmoja wa kanisa la AIC. Chai ya rangi, chapati moja moja. Swali ni lile analoulizwa mlinzi katika Isaya 21: habari gani za usiku? Jibu la "hali shwari" tumelipiga marufuku mezani pale. Mkatoliki wetu husema kwa kifupi mno. Nafikiri mengine anamwekea padri wake. Kijana ndiye mwenye mengi. Siku hizi mlinzi hahitaji dereva wa dizeli ili aanguke, simu inatosha. Huyu alikuwa anaweka mikeka usiku kucha, mechi za Ulaya, mechi za nchi ambazo hata kwenye ramani hawezi kuzionyesha, na mshahara ukawa unaisha tarehe 5. Alipotuambia hatukumkemea wala kumfukuzia pepo. Tulimwuliza ni shilingi ngapi, kama nilivyoulizwa lita. Jumatano tukamwuliza tena. Sasa simu kubwa inabaki kwa mkewe akija zamu, yeye anabeba kitochi. Wiki mbili alishinda, wiki ya tatu akaazima simu ya boda na kubeti, akatuambia kesho yake huku chai yake inapoa. Tunaendelea naye.

Uimara mnaouulizia mimi nimeuona kwa watu wa aina hiyo, wanaoanguka Jumanne na kusema Jumatano. Wale niliowaona wakianguka moja kwa moja, wengine wahubiri wakubwa, walikuwa na madaftari masafi sana.

Juzi mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi nilipita kwenye lindo la yule kijana ili twende chai pamoja. Supavaiza alikuwa amefika kabla yangu, pikipiki ameizima, daftari liko wazi mezani. Mstari wa saa 9 ulikuwa umeandikwa: "Nililala, kama dakika 20. Nimeamka, nimezunguka, ukuta wa nyuma mzima." Supavaiza aliusoma, akaurudia. Akamtazama kijana. Kijana akatazama buti zake. Kisha supavaiza akasaini, na pembeni ya saini akaandika: "Nimeona."

Msomaji wenu,
Mlinzi wa zamu ya usiku, Mwanza