Kinanda changu cha zamani nikiuze ninunue kipya?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Napiga kinanda katika kikundi cha taarab hapa Wete. Ninacho Korg Triton cha funguo 61, nilikinunua kwa mtu, kishatumika. Sasa funguo tatu za katikati zinanitia aibu mbele za watu: mara hazilii, mara zinalia kwa kishindo hata nikizigusa tu. Tena umeme ukikatika, nyimbo nilizozirikodi ndani zinafutika zote. Mpwa wangu ananambia niachane na mkweche huu, nitafute kipya. Unanishauri nini?

Jibu: Wa alaykum salaam. Usikiuze, angalau si kwa sababu hizo mbili.

Nianze na la nyimbo, maana lile si ugonjwa. Korg walipokitoa kinanda hiki mwaka 1999 walikitengeneza hivyo: wimbo unaorikodi unakaa kwenye kumbukumbu inayokufa pamoja na umeme. Ilikuwa lazima uuhifadhi kwenye disketi kabla ya kuzima. Disketi moja inabeba MB 1.44 tu, na kwa unyevu wetu huu zinaota ukungu kabatini. Mwambie fundi akutolee kiendeshi cha disketi, akuwekee kile kinachojifanya disketi lakini kinasoma flashi. Baada ya hapo jizoeze kuhifadhi kila ukimaliza kipande. Na tia UPS ndogo, yaani betri inayoshika mara umeme unapokatika. Kinanda hakili umeme mwingi.

Sasa hizo funguo. Chini ya kila ufunguo pana mpira wenye vidoto viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kimoja kinagusa bodi kwanza, cha pili kinafuata, na kinanda kinapima muda uliopita baina yao. Muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu; mrefu, umepiga taratibu. Vumbi na hewa ya chumvi vikikaa hapo, hesabu inaharibika, ndiyo unasikia kishindo au kimya. Dawa yake ni kukifungua, kunyanyua mpira, kupangusa vidoto na bodi kwa pamba yenye spiriti safi ya asilimia 99, kisha kuacha vikauke kabisa. Usikwangue kwa msasa, kaboni itaondoka. Wala usipulizie mafuta ya kulainishia. Niliwahi kuletewa kinanda kilichooga mafuta hayo. Siku nzima ilikwenda katika kuyatoa.

Lakini sababu hasa ya kukwambia ubaki nacho ni taarab yenyewe. Wewe unakaa na udi na fidla, na vyombo hivyo vinapita mahali ambapo funguo za kawaida hazifiki. Chukua rast na bayati, maqamu (mipangilio ya noti) ya Kiarabu: rast ikianzia C inataka E na B zishuke robo toni; bayati ya D inataka E hiyo hiyo. Kwenye Triton unaingia sehemu ya mipangilio ya jumla, kwenye skeli za mtumiaji, unaziteremsha noti hizo senti 50 (nusu toni nzima ni senti 100), kisha unaichagua skeli hiyo kwa sauti unayotaka. Vinanda vipya vingi vya bei nafuu vinang'ara madukani, lakini muulize muuzaji kuhusu hili uone atakavyobabaika.

Ila mpwa wako ana haki kidogo. Triton inatoa sauti 62 kwa wakati mmoja, na sauti iliyojengwa kwa tabaka mbili inapunguza hadi 31. Ukirundika nyuzi na akodion pamoja, noti za mwanzo zitakatwa. Hata hapo, kabla ya kununua, unganisha kinanda na laptopu kwa MIDI, mfumo wa vyombo kupashana noti zinazopigwa. Mfumo huo upo tangu 1983 na bado unaeleweka na kompyuta za leo. Vidole vitakuwa kwenye Triton, sauti zitatoka kwenye laptopu. Kitu ambacho kingenifanya nikushauri ununue ni bodi kuu kufa.

Ukiamua kununua chengine kilichotumika, soma kibao cha nyuma kabla ya kukichomeka. Vilivyotoka Japani vingi ni vya volti 100, na ukutani kwako kuna 230.

Na hicho ulichonacho kifunike kwa kanga kavu, si nailoni. Nailoni inafungia unyevu ndani.