Kabla Hamjafungua Mgongo wa Robosapien

Wadogo zangu, wiki hii nimeikuta tena Robosapien, ile roboti yetu ya kuchezea, ikiwa na Arduino (bodi ndogo ya kuandikiwa programu) iliyobandikwa kichwani kwa gundi, inaanguka kila inapoinua mguu, nanyi mkinitazama kana kwamba ni mimi niliyeisukuma.

1. Pigeni picha ya waya zote kabla ya kung'oa hata mmoja.

2. Heshimuni uzito. Mark Tilden, aliyeibuni roboti hii iliyoingia sokoni mwaka 2004, aliipa mota 7 tu, na mwendo wake hutokana na kuyumba kushoto na kulia, huku betri 4 kubwa za redio zikiwa nyayoni, mbili kila mguu. Mimi niliziona betri hizo kuwa mzigo, nikaziondoa, nikafunga betri nyepesi ya lithiamu mgongoni, na nikajiona fundi. Roboti iliyumba mara moja ikalala chali. Kwa kuwa niliamini kosa liko kwenye programu, niliiandika upya, nikabadilisha muda wa kila hatua, nikanunua bodi ya pili, na hatimaye nikaenda kumfokea muuzaji mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia bodi feki. Aliyenifumbua macho ni fundi redio wa jirani, ambaye aliinyanyua tu, akauliza mbona miguu haina kitu. Betri moja ya aina ile ina takriban gramu 140. Nilikuwa nimeondoa zaidi ya nusu kilo palepale ilipohitajika. Muuzaji nilimwomba radhi, akanisamehe, ila tangu siku ile hanipunguzii bei hata shilingi.

3. Graundi (upande hasi wa umeme) ya Arduino na ya roboti lazima ziunganishwe. Nimechoka kulisema hili.

4. Msiing'oe bodi ya asili, kwani inajua kutembea kuliko ninyi. Lehemuni waya kwenye IR-OUT, yaani pale ishara ya rimoti inapoingia kwenye bodi hiyo, ambapo hamhitaji taa ya infraredi wala masafa ya mawimbi yake, kisha tumeni amri zilezile za rimoti. Kizio cha muda ni 1/1200 ya sekunde: volti ya waya huo hushuka kwa vizio 8, kisha hufuata biti 8, ambapo sifuri hukaa juu kizio kimoja na moja hukaa juu vizio vinne, kila biti ikimalizikia na kizio kimoja cha chini. Biti hizo 8 ndizo namba ya amri: 0x86 ni kwenda mbele, 0x8E ni kusimama. Hakikisheni 0x8E inafanya kazi kwanza, maana mmoja wenu, naye anajijua, alianza na 0x86 roboti ikiwa juu ya meza.